Msalaba wa shaba katika sanduku ya mama



Mwenzetu mmoja wa kikundi ana msalaba mdogo wa shaba aliouachiwa na nkambo yake. Juma lililopita mnunuzi wa vyuma vizee alifika mlangoni, akataka kuupima kwenye mzani kama kipande cha waya. Minervali ya watoto inadaiwa, basi mama akaja kutuuliza auze ama asiuze.

Misalaba ya namna hiyo ndiyo ile mitatu iliyokuwa kwenye bendera ya Katanga ya 1960. Asili yake ni ya zamani sana. Lualaba, mto wetu, ukiisha kupita Bukama unaingia katika maziwa ya Upemba. Huko Sanga, pembeni ya ziwa Kisale, watafiti Jean Hiernaux na Jacques Nenquin walichimba mwaka 1957 na 1958, kisha Pierre de Maret akarudi 1974. Walifungua makaburi zaidi ya 150, mengine ya miaka elfu moja iliyopita. Wafu walizikwa na vyungu vizuri, vikuku vya shaba na shanga. Katika makaburi ya watoto vyungu ni vidogo, kwa kipimo cha mtoto. Sisi tuliozika watoto hatuhitaji mtafiti atufasirie jambo hilo.

Tena, Upemba haina shaba ardhini. Ilitoka huku kwetu kusini. Misalaba ya kwanza ilikuwa michache. Tangu karne ya 14 hivi inazidi kuwa midogo na mingi, imewekwa mikononi ama kiunoni mwa wafu. Ilikwisha kuwa feza ya soko. Na mpaka karne ya 19, mtama ukiisha kuvunwa, wanawake na watoto walikwenda kuokota mawe ya kijani, wanaume wakashuka mashimoni, tanuru zikajengwa kwa udongo wa kichuguu.

Hapa Kasulo, tangu 2014 watu walipoanza kutafuta kobalti mpaka chini ya nyumba, macho yetu yamezoea udongo wa kupimwa kwa kilo. Kigae cha chungu kikitoka shimoni kinatupwa pembeni. Tunawaomba muwaambie vijana wenu wakiweke, wakumbuke kilitoka wapi. Jumba la makumbusho la Lubumbashi linatunza vitu kama hivyo.

Mwenzetu hakuuza. Tumempa zamu ya likelemba mwezi huu, na mama aliyekuwa wa kwanza amekubali kungoja.