Anwani Moja, Sura Tatu: Utafutaji katika Miongozo ya Kompyuta za Zamani

Kompyuta za nyumbani zilizouzwa Marekani na Uingereza tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1980, kama vile Apple II, Commodore 64, ZX Spectrum na BBC Micro, ziliandikiwa vitabu vyenye uwazi ambao ni nadra kuonekana katika vifaa vya leo. Kitabu cha marejeo cha Commodore 64 kilichotolewa mwaka 1982 kwa ajili ya waandishi wa programu kilieleza kazi ya rejista za mashine, yaani vyumba vidogo vya kumbukumbu ambavyo chipu huvisoma ili kujua ifanye nini, na kikaambatanishwa na mchoro wa saketi zake. Vitabu vingi vya aina hiyo vimekwisha kupigwa skani na kuwekwa katika hazina za kidijitali, mojawapo ikiwa Internet Archive ya San Francisco, kiasi kwamba siku hizi kukipata kitabu ni kazi nyepesi kuliko kuupata ukurasa unaohitajika.

Zana ya kutafutia hutegemea faharasa geuzi, ambayo huanza na neno na kuorodhesha kurasa zote linamopatikana, badala ya kuanza na ukurasa na kuorodhesha maneno yake. Kurasa hizo hupangwa kwa uzito, na kanuni ya uzito inayotumika hadi leo ilipendekezwa mwaka 1972 na Karen Spärck Jones wa Cambridge, mji uleule ambamo kampuni za Sinclair na Acorn zilikuja kubuni ZX Spectrum na BBC Micro: neno lililomo katika hati chache hupewa uzito mkubwa kuliko neno lililotapakaa kila mahali. Kanuni hiyo inafaa sana kwa riwaya na magazeti. Katika miongozo ya kompyuta, hata hivyo, kinachotafutwa mara nyingi ni namba, na hapo ndipo ugumu unapoanza.

Katika Apple II, programu inaposoma mahali fulani katika kumbukumbu, spika hutoa mlio mfupi wa kugonga, na anwani ya mahali hapo huandikwa 49200 kwa desimali au $C030 kwa heksadesimali, mfumo wa kuhesabu kwa tarakimu 16 ambamo herufi A hadi F huwakilisha 10 hadi 15. Kwa kuwa toleo la kwanza la BASIC, lugha ya kuandikia programu, katika mashine hiyo halikuweza kushika namba iliyozidi 32767, watumiaji wake walitoa 65536 na kuandika -16336. Kwa injini ya kawaida ya utafutaji hayo ni maneno matatu yasiyohusiana, ilhali kwa fundi ni mahali pamoja. Zana iliyobuniwa vizuri huzigeuza sura zote kuwa namba moja kabla ya kuziingiza katika faharasa, ikitambua pia alama ya & ya BBC Micro na herufi H inayofuata namba katika vitabu vya kichakataji cha Z80, na huibandika kila namba jina la mashine yake, kwa sababu 53280, ambayo katika Commodore 64 hubadilisha rangi ya ukingo wa skrini, katika Spectrum ya kilobaiti 48 ni kumbukumbu ya kawaida tu.

Baya zaidi hutokea mapema, wakati programu ya kutambua herufi inapobadilisha picha ya ukurasa kuwa maandishi. Neno la kawaida likikosewa, kamusi huweza kulisahihisha. Lakini $D020, yaani 53280 kwa heksadesimali, ikisomwa $0020, matokeo ni anwani nyingine halali kabisa, na hakuna kamusi itakayolalamika. Ajabu ni kwamba dawa mojawapo ilichapishwa zamani zile zile. Jarida la Compute! la Marekani lilianza katika miaka ya 1980 kuweka hesabu ya uhakiki kando ya mistari ya programu zilizokusudiwa kunakiliwa kwa mkono, yaani namba inayokokotolewa kutokana na herufi za mstari wenyewe, ili msomaji agundue kosa lake la uchapaji; hesabu hiyohiyo inaweza kutumiwa leo kuihakiki skani, mradi tu namba ya uhakiki nayo imesomwa sawasawa.

Utafutaji kwa maana, ambao hulinganisha maswali na aya kwa ukaribu wa dhana, humsaidia anayeuliza jinsi ya kubadilisha rangi ya ukingo bila kujua anwani yake, lakini haufai kutenganisha 53280 na 53281, ambayo ni rangi ya usuli. Kwa hiyo utafutaji kwa namba na utafutaji kwa maana huendeshwa pamoja, na jibu huonyeshwa sambamba na picha ya ukurasa halisi, ili mwenye chuma cha kulehemu mkononi aisome tarakimu kama ilivyochapwa kabla ya kugusa saketi.