Fundi wa Bustani na Hesabu Zake
Sehemu ya Pili: Leseni, Usajili na Kibali

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulimtazama fundi wa bustani wa Dar es Salaam akiwa kitaluni mwake, kando ya barabara, kati ya mifuko ya miche na lundo la samadi. Leo twamfuata atokapo kitaluni akaingia katika ua wa mtu mwingine kwa ujira, kwa kuwa hapo ndipo hali yake inapogeuka. Asubuhi alikuwa muuza miche, apokeaye fedha mkononi na kumpa mteja chake, wakaagana. Alasiri amekuwa mtu wa mapatano, aliyeahidi kazi isiyoonekana bado kwa fedha ambazo hajazipokea zote, na mtu wa namna hiyo hana budi kujuana na sheria, kodi na hesabu, apende asipende.

Kazi yenyewe si ngeni katika pwani yetu. Masultani wa Unguja walizizungushia kasri zao bustani na miembe, na Dar es Salaam ilipata bustani yake ya mimea mwaka 1893, zama za Wajerumani, chini ya Profesa Stuhlmann. Walakini bustani hizo zilikuwa za dola, na waliozipalilia walikuwa watumishi. Fundi ajitegemeaye, anayekwenda nyumba kwa nyumba na bei yake kinywani, ni mtu wa zama hizi za majumba mapya ya Mbezi, Goba na Kigamboni.

Maneno matatu humchanganya fundi huyu, naye huyatumia kana kwamba ni mamoja: leseni, usajili na kibali. Si mamoja hata kidogo. Leseni yamhusu mtu na biashara yake. Usajili wahusu uwezo wake wa kufanya kazi ya namna fulani. Ama kibali, hicho chahusu mahali na tendo, na hakihami kutoka kazi moja hadi nyingine.

Tuanze na leseni. Sheria ya Leseni za Biashara, Na. 25 ya mwaka 1972, yakataza mtu kufanya biashara pasipo leseni, na kwa mafundi wa kadiri hii aghalabu hutolewa na halmashauri ya mahali, kisha huhuishwa kila mwaka. Kabla ya kuiomba, yampasa mwombaji awe na namba ya mlipa kodi, ambayo Mamlaka ya Mapato huitoa bure. Awe na uthibitisho kwamba hadaiwi kodi. Na akitaka kujulikana kwa jina lisilo lake mwenyewe, alisajili jina hilo kwa Wakala wa Usajili, yaani BRELA. Hayo yote hayana uzito mkubwa. Uzito uko katika sharti la mahali: sharti aonyeshe mkataba wa pango au hati ya kuonyesha anapofanyia biashara, naye kitalu chake kiko katika hifadhi ya barabara, ambayo kwa barabara kuu, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2007, ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya njia. Mahali pale pale panapompa wateja ndipo panapomnyima hati. Dawa yake ni kutenganisha mambo mawili: akodi chumba kimoja kidogo kiwe anwani ya biashara, na kitalu akiombee ruhusa kwa wenye barabara, TANROADS au TARURA, akijua kwamba ruhusa hiyo haimpi ardhi, na kwamba siku barabara itakapopanuliwa atapaswa kuinua mifuko yake aende.

Jambo la pili ni usajili. Maadam fundi anapanda ukoka, anakata michongoma na kutia samadi, leseni yake yamtosha. Lakini wenye nyumba hawaishii hapo: watataka ukuta wa kuzuia udongo usiporomoke, mfereji wa kupitisha maji ya masika, na njia ya gari iliyotandikwa matofali. Hapo amevuka mpaka akaingia katika ujenzi, na ujenzi una bodi yake, Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1997. Makandarasi wa majengo na wa kazi za kiraia wamepangwa katika madaraja saba, na wale wa kazi maalumu katika madaraja matatu, na kila daraja, isipokuwa la kwanza, lina kikomo cha thamani ya kazi ambacho mwenye nalo hana ruhusa kukivuka. Fundi asiyesajiliwa ana njia mbili za halali: ama ajisajili, ama amwachie mkandarasi aliyesajiliwa sehemu ya ujenzi, naye abaki na sehemu ya mimea. Njia ya tatu, ya kujenga kimyakimya na kuomba Mungu asipite mkaguzi, wengi waipenda, nami siitaji ila kuitahadharisha.

Kisha kuna vibali. Kiwanja kikipakana na mto, ziwa au ufuko, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza, ndani ya mita 60, shughuli za kudumu au zile zenye kuhatarisha hifadhi ya maji hayo. Kwa hiyo fundi na apime kwa kamba kabla ya kuchora. Mwenye nyumba akitaka kisima kirefu cha kumwagilia, kuna kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde, ambayo kwa Dar es Salaam ni Wami/Ruvu. Kila kibali chataka siku zake, na siku za kungoja ni gharama, kwa sababu miche haikai mifukoni bila maji.

Naam, tumefika kwenye gharama. Tuchukue ua wa mita 20 kwa 15, yaani mita za mraba 300. Ardhi ya pwani ni mchanga. Maji na samadi hupenya humo vikapotea, hivyo yataka tabaka la udongo wa rutuba la sentimita 10 walau, ambalo ni mita za ujazo 30. Lori lichukualo mita 5 litakwenda safari 6, na mwenye busara huhesabu 7, kwa kuwa udongo ukinyeshewa hushuka. Ukoka ukipandwa kwa nafasi ya sentimita 15, vyahitajika vipande zaidi ya 13,000, na mikono ya kuvipanda. Kisha maji: milimita 5 kwa siku juu ya ua huo ni lita 1,500, na kwa siku 30 ni lita 45,000, yaani yuniti 45 katika ankara. Fundi apandaye masika yanapoanza huachiwa na mvua sehemu kubwa ya gharama hiyo. Apandaye wakati wa kiangazi na aseme mapema ni nani atakayelipa maji.

Juu ya hayo huja kodi. Kampuni au ofisi ikimlipa fundi, hukata kodi ya zuio, asilimia 5 ya ujira wa huduma. Kwa ujira wa shilingi milioni 3 hukatwa shilingi 150,000, naye adai hati ya makato hayo. Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18 huku Bara, hutozwa na aliyesajiliwa kwayo tu, na tangu mwaka 2023 kiwango cha mauzo kinacholazimisha usajili huo ni shilingi milioni 200 kwa mwaka. Fundi mdogo aiandikaye katika ankara yake amtoza mteja asicho na haki nacho. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la fundi huyu liwe na safu ya leseni, pango, vibali na kodi kando ya safu ya udongo na miche, kila kazi ikichangia sehemu yake.

Nami nisijifanye mwalimu tu. Mwaka jana nilimwita fundi nyumbani kwangu, akanitajia bei, nami nikamshika mkono nikamwomba apunguze, akapunguza bila ubishi. Ukoka ulistawi masika yote, na kiangazi kilipofika ukageuka manjano. Nilipochimba kwa jembe nikakuta udongo mweusi wa kina cha vidole viwili, kisha mchanga mtupu. Hakuniibia, kwani hatukuandika kina popote. Nilidhani nimempunguzia faida, kumbe nilijipunguzia udongo.

Katika sehemu ya tatu, inshallah, tutaeleza mapatano hayo ya maandishi: arabuni, vipimo, na muda wa dhamana ya mimea iliyopandwa.