Kiganja cha Mkulima na Amri Zitokazo Chini Yake

Msafiri aifuataye barabara ya Embu kwenda Meru, akapita Runyenjes na Chuka hadi kule karibu na Nkubu ambako mstari wa Ikweta waikata njia, huiona chai imetanda upande wa mlima, na lau atateremka garini akapeana mikono na wenye mashamba hayo, atahisi ngozi nene iliyo kavu, yenye sugu chini ya vidole mahali ukaapo mpini wa jembe, na katika ncha za kidole gumba na cha shahada ataona weusi wa utomvu wa chai usiokubali sabuni. Watu husema mkono wa namna hiyo umechakaa. Kauli hiyo mimi siikubali, kwa kuwa kitu kilichochakaa hupungua, ilhali ngozi ya kiganja kile imeongezeka, nayo imeongezeka kwa utaratibu ambao wataalamu wametumia miaka mingi kuudurusu.

Ngozi ya juu ni matabaka, na seli za tabaka la chini kabisa ndizo zizaazo. Seli mojawapo ikigawanyika, ile isukumwayo juu huanza safari ambayo katika sehemu nyingi za mwili huchukua takriban mwezi mmoja. Njiani huacha kuzaa, hujijaza nyuzi za protini iitwayo keratini, hutandaza mafuta baina yake na jirani zake, hupoteza kiini chake, na hatimaye hufa ikawa gamba jembamba lishikamanalo na mengine kuzuia maji yasitoke na vijidudu visiingie. Kufa huko ndiko kukomaa kwake. Huku shambani, pale jembe lisuguapo kila siku, seli za chini huzaa kwa kasi zaidi na magamba huzidi kurundikana, na hiyo ndiyo sugu.

Sasa, ni nani aiambiaye seli kwamba wakati wake wa kupanda umewadia? Seli za mwili, za ini kwa za ngozi, zimerithi jeni zilezile, zipatazo 20,000 zile zitoazo maelezo ya kutengeneza protini, na tofauti baina yao hutokana na jeni zipi zimefunguliwa zisomwe na zipi zimefungwa. Kazi hiyo ya kufungua na kufunga hufanywa na protini maalumu zinazotua juu ya DNA, mahali palipo karibu na jeni au hata mbali nayo. Kama vile katika mila za Wameru mtu aingiapo rika jipya alivyolazimika kuziweka chini kazi za rika la kwanza ndipo apokee zile za pili, ndivyo na seli ya ngozi ilivyo: mwaka 1980 Elaine Fuchs na Howard Green, huko Marekani, walidhihirisha kwamba seli inayokomaa hubadilisha aina ya keratini iitengenezayo, na leo twajua kwamba huziacha keratini za namba 5 na 14 na kushika zile za namba 1 na 10. Miongoni mwa ishara za kuhimiza badiliko hilo ni kalsiamu, ambayo huzidi kadiri seli ipandavyo. Juu ya yote imo protini iitwayo p63: mwaka 1999 ilithibitika kuwa panya waliozaliwa bila jeni yake hawakuwa na ngozi kamili yenye matabaka, wakafa punde baada ya kuzaliwa.

Lakini jambo linishangazalo kupita yote ni kwamba kiganja hakijiamulii kuwa kiganja. Kuna keratini ya namba 9 ambayo hupatikana hasa viganjani na nyayoni, nayo ndiyo mojawapo ya sababu za ngozi ya hapo kustahimili mpini na changarawe. Mwaka 1999 watafiti walichukua seli za ngozi ya juu zisizo za kiganja, wakazikuza pamoja na faibroblasti, yaani zile seli zikaazo chini ya ngozi ya juu na kuishikilia, zilizotoka kiganjani. Basi seli zile za kigeni zikaanza kutengeneza keratini ya namba 9. Amri ilikuwa imetoka chini. Mwaka 2008 ikabainika kwamba faibroblasti za mkononi na mguuni hupakumbuka mahali pake kwa jeni iitwayo HOXA13, ambayo hubaki wazi ndani yao tangu mtu alipokuwa tumboni mwa mamaye, na kwa njia yake hutoa ishara ya kuifungua jeni ya keratini hiyo.

Faibroblasti hizohizo ndizo zijibuzo swali ambalo kila mtoto wa kwetu amepata kumuuliza nyanya yake: kwa nini kiganja ni cheupe kuliko mgongo wa mkono? Hutoa kwa wingi protini iitwayo DKK1, ambayo, kama ilivyoelezwa mwaka 2004, huzizuia seli zitengenezazo rangi zisizidi kukua wala kutoa rangi nyingi. Mgongo wa mkono haupati kizuizi hicho, na rangi yake hupangwa ndani ya seli kama kofia juu ya kiini, ikiikinga DNA na jua kali la nyanda hizi.

Kwa hiyo hunisikitisha mno nionapo vijana wakijipaka krimu za kujichubua zilizotiwa steroidi kali. Steroidi hupenya ndani ya seli, ikashikana na kipokezi chake, nacho kikaingia katika kiini na kufunga jeni nyingine na kufungua nyingine, hata seli za chini zikapunguza kuzaa na faibroblasti zikapunguza kujenga. Na mtu akiendelea kwa miezi, ngozi hukonda, hupasuka michirizi, na mishipa midogo huonekana wazi. Dawa hiyohiyo, ikitolewa na daktari kwa siku chache kutuliza ukurutu, ni rehema kubwa. Anayeinunua dukani bila ya kuambiwa kilichomo hana nafasi ya kuchagua, na hapo ndipo lawama yangu imwendeapo muuzaji kabla ya mnunuzi.

Maarifa hayohayo ya amri za faibroblasti yameanza kutafutiwa manufaa kwa waliokatwa miguu, ambao ngozi laini ya kigutu chao huchubuka na kutoka vidonda kwa kubanwa na mguu wa bandia, kwani ngozi hiyo haikuumbwa kukanyagiwa. Katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, watafiti walichukua faibroblasti za nyayo za watu waliojitolea, wakazikuza, kisha wakawadunga wenyewe mahali pengine mwilini. Na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024, ngozi ya pale ilinenepa na kuanza kutengeneza keratini ya namba 9.