Sababu za injini ya boti kuchemka baharini

NAHODHA avukaye mkondo wa Mkanda, Lamu, maji yakiwa yamekupwa, hutazama nyuma mara kwa mara. Anachokichunga ni mchirizi mwembamba wa maji unaoruka kutoka kwenye injini. Ukidhoofika au kukatika, injini imo hatarini.

Injini inayofungwa tezini mwa boti haina rejeta kama ya gari. Pampu iliyo juu ya rafadha huvuta maji ya bahari kupitia matundu madogo, huyazungusha ndani ya injini ili kuipoza, kisha maji hayo hutemwa nje.

Mchirizi ukikatika, injini izimwe mara moja, nanga itiwe na injini iinuliwe. Kwanza matundu yakaguliwe, kwani mwani, tope au kipande cha plastiki huweza kuyaziba. Pili, tundu la mchirizi lichokolewe kwa waya, maana huenda ndilo lililoziba.

Hali isipobadilika, huenda kasoro iko kwenye gurudumu la mpira ndani ya pampu. Mchanga hulika mapezi yake, na likizunguka bila maji huungua upesi. Iwapo maji yanatoka vyema lakini joto halishuki, pengine themostati imekwama au chumvi imeganda ndani.

Kinga ni kuisafisha injini kwa maji matamu kila baada ya safari. Anayepuuza hilo huweza kujikuta na pistoni zilizokwama, huku abiria wake wakichukuliwa na mawimbi.