Vifaa vya Mfanyakazi Aendaye Kazini kwa Baiskeli



Miaka michache iliyopita, katika shamba moja la miwa huku kwetu Busoga, Uganda, mwenzetu mkata miwa alitoka nyumbani kwake saa kumi na moja alfajiri juu ya baiskeli. Alivaa koti jeusi la mvua, na panga lake alilifunga kwenye karia, makali wazi. Hakuwa na taa. Kabla hajafika lango la shamba trela ya miwa ikamgonga kwa nyuma. Alivunjika paja, na panga lake mwenyewe likamkata bega. Dereva aliwaambia polisi kwamba hakumwona. Mwajiri naye akasema, huyu mtu hakuwa kazini, alikuwa barabarani, hatumjui.

Nilikwenda kuongea na yule dereva, maana wengine kwenye tawi walitaka apigwe. Naye ni mfanyakazi kama sisi. Baadaye nilisimama mahali pale pale, saa ile ile, nikamwomba kijana mmoja apite kwa baiskeli akiwa na nguo nyeusi. Nilimsikia kabla sijamwona. Basi nikaamini kwamba dereva alisema kweli. Neno la mwajiri sikulikubali, nalo nitalirudia mbele.

Kwanza tufahamu jambo moja kuhusu nchi zetu zilizo karibu na ikweta. Ulaya wana majira ya giza na majira ya mwanga, kwa hiyo mtu wa huko huweza kusema, wakati wa joto sihitaji taa. Sisi hatuna nafuu hiyo. Hapa Jinja jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja asubuhi mwaka mzima, na huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika chache jioni. Sasa tazama saa za zamu. Anayeingia saa moja asubuhi na kutoka saa moja jioni huenda gizani na kurudi gizani, Januari mpaka Desemba. Mkata miwa ndiye kabisa, maana anataka kumaliza kipande chake kabla jua halijawa kali.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha mwendesha baiskeli ni kile kinachomfanya aonekane. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, hukata mita 22 kila sekunde moja. Dereva akikuona leo, mguu wake haufiki kwenye breki papo hapo, hupita sekunde nzima au zaidi, na kisha gari lenyewe linahitaji nafasi ya kusimama. Jumla ni zaidi ya mita 50 kwenye lami kavu. Mtu wa nguo nyeusi mbele ya taa zilizoinamishwa mara nyingi huonekana akiwa amebakiza mita 30 au chini ya hapo. Hesabu hiyo haihitaji kwenda sekondari. Mimi mwenyewe niliishia darasa la saba, nayo imenitisha.

Wengine husema, nitavaa shati jeupe. Shati jeupe ni bora kuliko jeusi, lakini halitoshi, kwa sababu mwanga ukilipiga hutawanyika kila upande na kidogo tu humrudia dereva. Riflekta ni kitu kingine. Imetengenezwa ili mwanga urudi kule kule ulikotoka, yaani kwenye macho ya aliyewasha taa. Ndiyo maana huwaka kama jicho la paka. Vile vizibao vya njano kali vyenye mikanda ya rangi ya fedha wanavyovaa watu wa bodaboda vina vitu viwili tofauti: ile njano husaidia mchana na wakati wa mawingu, na ile mikanda ya fedha ndiyo ya usiku. Kizibao cha njano kisicho na mikanda, usiku ni shati tu. Chunguzeni kabla ya kununua, maana sokoni kuna vizibao ambavyo mkanda wake ni kitambaa cha kijivu kisichorudisha kitu. Kipige kwa tochi gizani, ukiwa umeishika tochi karibu na jicho lako. Kisipowaka, mrudishie mwenye duka.

Kama huna fedha za kizibao, tafuta kipande cha ile karatasi ya kung'aa inayobandikwa nyuma ya malori, nyekundu, ukibandike kwenye madigadi ya nyuma. Kingine kifunge kifundoni mwa mguu. Hapo mguuni ni mahali pazuri kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa mguu wa mpanda baiskeli hupanda na kushuka, na dereva akiona mwanga unaopanda na kushuka hujua mara moja kwamba huyo ni mtu, si nguzo. Zile riflekta ndogo za njano kwenye pedali hufanya kazi hiyo hiyo, lakini wengi huzing'oa au huzivunja wasizirudishe.

Tena kuna kosa ambalo naliona kila siku. Mtu ana riflekta nzuri nyuma, kisha anafunga gunia la mkaa au madumu mawili ya maji juu ya karia, na riflekta imefunikwa yote. Ukibeba mzigo, riflekta iwe chini kwenye madigadi au ifungwe nyuma ya mzigo wenyewe. Na ifutwe. Udongo wetu mwekundu ukishaganda juu yake ni kama huna.

Sasa taa. Baiskeli za zamani tulizozikuta kwa wazee wetu, Raleigh ya Uingereza, kisha Hero ya Uhindi na Phoenix ya Uchina, nyingi zilifungwa dinamo ya chupa inayosugua ubavu wa tairi. Dinamo hiyo hutoa volti 6 na wati 3, ambazo wati 2.4 ni za balbu ya mbele na 0.6 za balbu ya nyuma. Ni kifaa kizuri, hakidai betri. Ila kina tabia zake. Ukisimama, taa imezimika, na hapo unaposimama katikati ya barabara ukisubiri kukata kulia ndipo unapoihitaji zaidi. Mvua ikinyesha, kigurudumu chake huteleza juu ya tairi. Na balbu ya mbele ikiungua, umeme wote hukimbilia ile ndogo ya nyuma nayo ikaungua, ukabaki huna hata moja. Mwenye dinamo asiache kuwa na riflekta.

Siku hizi zipo taa ndogo zinazochajiwa kama simu au kwa jua. Ni nafuu kwa matumizi na hazizimiki ukisimama. Utaratibu ni mmoja duniani kote: nyeupe mbele, nyekundu nyuma. Nimeona vijana wakifunga nyekundu mbele kwa urembo. Dereva anayekuja atadhani unakwenda upande wake, kumbe mnakutana. Na tochi ya simu mkononi si taa ya baiskeli, kwa sababu mkono mmoja tayari umeacha usukani na breki.

Kuhusu mavazi, nitaanza na suruali ya ovaroli. Mguu wa kulia ndio ulio upande wa mnyororo, na ndio unaoliwa. Wazungu walikuwa na kibano cha chuma cha kubana suruali. Sisi tuna tyubu kuukuu. Kata mkanda wa upana wa vidole viwili kutoka kwenye tyubu iliyokufa, uvae kifundoni juu ya suruali, kazi imekwisha, wala hutoi hata senti. Usiingize suruali ndani ya gambuti ukadhani umemaliza, gambuti lenyewe ni pana na zito, na soli yake ikiwa na tope huteleza juu ya pedali. Afadhali viatu vya kawaida njiani, na gambuti lifungwe kwenye karia.

Kina mama wapaliliaji na wale wa kiwandani wanastahili kusemewa zaidi, maana mara nyingi mambo ya baiskeli huandikwa kana kwamba wanaume peke yao ndio wanaokwenda kazini. Gomesi, kitenge na kanga vyote ni chakula cha gurudumu la nyuma. Baiskeli za kike za zamani zilikuwa na nyuzi zilizofumwa kutoka kwenye madigadi mpaka katikati ya gurudumu ili nguo isiingie kwenye spoki. Fundi yeyote wa kijijini anaweza kufuma kinga hiyo kwa kamba au kwa mikanda ya tyubu kwa muda wa nusu saa. Kinga hiyo hiyo ndiyo inayookoa kisigino cha mtoto anayepakiwa nyuma. Wauguzi wa zahanati zetu wanakijua sana kidonda cha kisigino kilichoingia katika spoki, nacho hakiponi upesi. Mama aliyepakiwa upande upande ashikilie nguo yake mapajani, lakini kinga ni bora kuliko mkono.

Panga nimelitaja. Lisibebwe begani wala kwenye usukani. Livishwe ala, na kama huna ala, lizungushie gunia mara tatu na ulifunge kamba, kisha lifungwe kando ya chuma cha fremu, makali yakitazama chini. Jembe hali kadhalika, bapa lake nyuma. Ukianguka na vyuma hivi vikiwa huru, huanguki peke yako.

Mvua. Koti refu la plastiki hujaa upepo na pindo lake huingia kwenye gurudumu, kwa hiyo liwe fupi, lisivuke magoti, na rangi yake iwe ya njano au ya chungwa. Nguo kavu za kazi zitie kwenye mfuko wa nailoni. Lakini mifuko ya mbolea na magunia ya dawa za wadudu yasiguswe kwa kazi hii, hata yakioshwa mara kumi. Na aliyepiga dawa shambani asirudi nyumbani na ovaroli ile ile huku mtoto akimrukia. Abadilishe kazini.

Kofia ngumu ya kiwandani si kofia ya baiskeli. Ile imetengenezwa kwa kitu kinachoanguka kutoka juu, nayo kwa kawaida haina mkanda wa kidevuni, ukianguka huruka peke yake ikaenda zake. Kofia ya baiskeli ina sponji ngumu ndani na mkanda wa kidevuni. Ikishapigwa mara moja haifai tena, hata kama kwa macho ni nzima. Kwa hiyo za mtumba nina wasiwasi nazo.

Sasa turudi kwa lile neno la mwajiri. Sheria ya Uganda ya fidia kwa wafanyakazi, ya mwaka 2000, inasema kwamba ajali inayompata mfanyakazi akiwa njiani moja kwa moja kwenda au kutoka kazini huhesabiwa kuwa ni ajali ya kazini. Lakini ni juu ya mfanyakazi kuonyesha kwamba safari ilikuwa ya moja kwa moja. Ukipitia kilabuni, umejiharibia. Tena mwajiri apewe taarifa ndani ya mwezi mmoja tangu siku ya ajali. Mwenzetu alikuwa amelala hospitali, kwa hiyo sisi wa tawi tulimpelekea mwajiri taarifa kwa niaba yake, siku ya tisa, pamoja na majina ya wawili waliomwona akipita njia yake ya kila siku. Barua hiyo ndiyo iliyomlipa. Ndugu wa nchi nyingine, sheria hazifanani. Mwulizeni katibu wenu yenu inasemaje kuhusu njiani, na mkumbuke kwamba Mkataba namba 121 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1964, unaitaja ajali ya njiani.

Ikiwa sheria inakubali kwamba njia ni sehemu ya kazi, basi na vifaa vya njia ni vifaa vya kazi. Hoja hiyo ndiyo tuliyoiweka mezani. Sheria ya usalama kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumkata mfanyakazi, lakini waajiri hujibu kwamba mahali pa kazi ni ndani ya uzio. Sawa, kama hawasukumwi na sheria hiyo, wasukumwe na mapatano. Tuliomba vitu vinne: kizibao chenye riflekta kwa kila mfanyakazi, taa na riflekta nyuma ya kila trela, koti la mvua la njano, na banda la kufungia baiskeli.

Vizibao vilitolewa. Trela zilibandikwa riflekta, ingawa taa za baadhi yake zimekwisha kufa tena. Makoti walipewa manyapara peke yao, nasi tumekataa kutia sahihi kwamba jambo hilo limekwisha. Banda lilijengwa, nguzo kumi na mbili na mnyororo, bati bado. Mwenzetu yule alilipwa fidia baada ya miezi kumi na minne. Miwa hawezi kukata tena, amepewa kazi ya kulinda banda hilo, na anayeingia hapo bila riflekta humrudisha mpaka langoni akamweleze askari kwa nini.