Hasira za mkizi? Pumua kwanza!

Huku Kilwa Masoko ukimwambia mtu unafanya yoga atakuuliza mawili: umebadili dini, au unataka kukata tumbo? Sikatai, yoga imetoka India na ina mizizi ya dini huko. Mimi nimechukua viungo na pumzi tu, swala yangu iko palepale. Na asikwambie mtu, kazi yake kubwa siyo kujikunja kama pweza. Ni kujijua.

Kila alfajiri niko ufukweni Jimbizi, robo saa tu. Najinyoosha, nasimama kwa mguu mmoja, kisha nakaa nikisikiliza pumzi zangu. Usicheke, mguu mmoja unaumbua! Ukiwa na mawazo ya deni unayumba kama mlevi. Hapo ndipo nilipojua kwamba hasira zangu hazianzii mdomoni. Kwanza taya linakaza, mabega yanapanda, pumzi zinakuwa fupi. Matusi ni abiria wa mwisho kupanda basi.

Kuna jamaa alinizungusha pesa zangu miezi miwili. Nikambamba stendi ya Nangurukuru, akanijibu nyodo mbele za watu. Taya likakaza. Nikalishtukia! Nikashusha pumzi taratibu mara nne, ndipo nikamwambia: "Kaka, leo hatuachani bila kuandikishana." Nusu alinilipa palepale. Ningefyatuka, tungemalizana polisi na pesa ningezisikia redioni.

Siyo uchawi. Ukitoa pumzi taratibu, kwa muda mrefu kuliko ulioivutia, kuna mshipa wa fahamu utokao kwenye ubongo hadi moyoni ambao hupunguza mapigo. Moyo ukitulia, unapata upenyo wa kuchagua jibu. Ila lazima uzoee siku za amani. Hakuna anayejifunza kuogelea chombo kikishaanza kuzama. Wazee wa pwani wanasema hasira za mkizi furaha ya mvuvi. Samaki yule huruka kwa ghadhabu, akatua mwenyewe mtumbwini. Mvuvi kazi yake kuokota tu!

Yoga hailipi kodi ya nyumba, wala haitibu kila kitu. Kama wiki mbili huli, hulali, dunia imekuwa chungu, nenda hospitali, achana na mimi. Wengine anzeni na dakika 5 jioni hii. Ukisikia kizunguzungu, acha. Na usijaribu ukiwa umeshiba wali wa nazi, utanikumbuka.