Ukichagua Njia ya Milimani, Hesabu Magari Kabla ya Mwinuko

Anayepanga safari ya baiskeli milimani kwa kawaida huanza kwa kuuliza mwinuko ni mkali kiasi gani. Ni swali la haki, ila limewekwa mahali pasipo pake. Mwinuko una dawa, na dawa zake zinajulikana: gia nyepesi, mwendo wa pole, kushuka na kusukuma pale miguu inapogoma. Basi linalokupita kwa kilomita 80 kwa saa huku upepo wake ukikuyumbisha halina dawa yoyote iliyo mikononi mwako. Ndiyo maana nashikilia kwamba katika nchi ya vilima njia bora ya baiskeli ni ile yenye magari machache yaendayo taratibu, hata kama ni ndefu zaidi, ina miinuko mikali zaidi na bado ni ya udongo. Milima ya Usambara Magharibi, mkoani Tanga, inatosha kuwa mfano, kwa sababu pale barabara ya lami na njia za vijijini zinapanda milima ileile na zinaweza kulinganishwa.

Kutoka Mombo, penye barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, hadi Lushoto kupitia Soni ni kilomita zipatazo 33. Mombo iko kama mita 400 juu ya usawa wa bahari na Lushoto karibu mita 1,400. Maana yake, kwa wastani unapanda mita 3 hivi kwa kila mita 100 unazokwenda, mwinuko ambao hata mtu wa mazoezi ya kawaida anaumudu. Upole huo haukuja kwa bahati. Barabara ya magari huzungushwa ubavuni mwa mlima ili lori lililosheheni kabichi na viazi lipande na kushuka bila kushindwa. Kwa sababu hiyohiyo, malori, Coaster na magari madogo ya abiria yote hupita hapo, kwenye barabara nyembamba yenye ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Basi upole wa mwinuko na wingi wa magari ni watoto wa mama mmoja: anayefuata mwinuko mwepesi kabisa, mara nyingi amechagua magari bila kujua.

Tofauti ya hatari kati ya vitu hivi viwili si ya kukisia. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba wastani wa mwendo wa magari ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali zenye vifo huongezeka kwa asilimia 4. Linaeleza pia kwamba mtembea kwa miguu aliyegongwa na gari kwa kilomita 65 kwa saa ana hatari ya kufa mara nne na nusu ya yule aliyegongwa kwa kilomita 50. Mwendesha baiskeli hana bodi ya chuma wala mkanda, kwa hiyo mwili wake uko katika hali ileile ya mtembea kwa miguu. Njia ya kijijini yenye kona, mawe na kuku wanaovuka hupunguza mwendo wa kila dereva bila kungoja trafiki.

Watu wengi watasema njia hizo za vijijini zina miinuko isiyopandika. Ni kweli kwamba ni mikali, kwa kuwa nyingi zilifuata migongo ya vilima na mapito ya watu, na vipande vya mwinuko wa asilimia 10 na zaidi si ajabu. Lakini tuitazame baiskeli yenyewe. Baiskeli ya kawaida ya gia moja, yenye meno 44 mbele na 18 nyuma, husogea zaidi ya mita 5 kila pedeli zinapozunguka mara moja. Baiskeli ya milimani iliyowekwa meno 22 mbele na 34 nyuma husogea kama mita moja na nusu tu. Mlima ni uleule, mtu ni yuleyule, ila nguvu anayokanyagia pedeli imepungua hadi karibu robo. Atakwenda kilomita 5 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea, na atafika. Kinachowashinda wengi ni gia iliyotengenezwa kwa ajili ya tambarare, na fundi baiskeli anaweza kuibadilisha. Mwaka 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, na wanaume walipanda jumla ya zaidi ya mita 5,400 katika kilomita zipatazo 267. Waandaaji hawakuondoa vilima. Walichoondoa barabarani ni magari.

Utaijuaje njia tulivu kabla ya kuifikia? Tazama ramani, uone njia inaunganisha nini na nini. Barabara inayounganisha miji miwili mikubwa haitatulia, iwe ya lami au ya udongo. Ile inayoishia kwenye ukingo wa safu ya milima, kama ya kutoka Lushoto kupitia Magamba hadi Mtae, hupoteza magari kadiri unavyosonga mbele, kwa sababu kila kijiji kinabakiza yake. Vivyo hivyo njia ya Soni kwenda Bumbuli, katikati ya mashamba ya migomba, mahindi na chai, huhudumia zaidi watu wa hukohuko. Kisha uliza siku za gulio. Jambo hili wageni hulisahau, nalo lina uzito mkubwa: njia iliyo kimya Jumanne huweza kujaa malori na bodaboda siku ya soko. Mwenyeji yeyote atakutajia siku hiyo bure, na kwa neno hilo moja utakuwa umepanga safari yako vizuri kuliko kwa ramani.

Kuna pingamizi nzito zaidi ya mwinuko, nayo ni mteremko. Mtu na baiskeli yenye mzigo kidogo, jumla kilo 80, akishuka mita 1,000, huachia nishati inayotosha kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji. Kwenye lami upepo hubeba sehemu kubwa ya nishati hiyo. Kwenye udongo, ambako lazima ushuke polepole, karibu yote huishia kwenye breki, na rimu ikipata moto kupita kiasi huweza kupasua tyubu. Tumia breki zote mbili, bana na kuachia badala ya kuzishikilia muda wote, na simama rimu zipoe. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, udongo mwekundu wa Usambara huteleza hata kwa miguu, na hapo nakubali bila ubishi: subiri Juni. Bodaboda nazo zipo kila mahali na baadhi hukimbia, hivyo kona isiyoonyesha mbele ichukuliwe upande wako daima. Hofu ya kuharibikiwa mbali na watu, hata hivyo, haina msingi mkubwa Usambara. Milima hii imejaa watu, na ni nadra kukosa mtu wa kumsalimia na kumwomba pampu.

Wengine watauliza kama kusifu njia za udongo si kuwatakia wakulima mabaya. La. Mkulima wa Bumbuli anastahili lami ili mboga zake zisiozee njiani, na furaha ya mwendesha baiskeli haiwezi kuwekwa juu ya riziki hiyo. Lakini wanaoendesha baiskeli huko hawapitishi muda tu. Wengi wao ni wenyeji waliobeba kuni, majani ya ng'ombe au ndoo za maji, na wao ndio wa kwanza kusukumwa pembeni lami inapokuja bila nafasi yao. Rwanda iliainisha Congo Nile Trail, njia ya kilomita 227 kando ya Ziwa Kivu kati ya Rubavu na Rusizi, kwa ajili ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli, ikionyesha kwamba njia za namna hii zinaweza kupangwa na kutunzwa rasmi. TANROADS na TARURA, wakala wa serikali wa barabara nchini Tanzania, wanapoiboresha barabara yoyote ya Usambara, waiwekee bega pana la kupita baiskeli, matuta kwenye vijiji, na wasizifunge njia za zamani zinazoachwa pembeni. Gharama ya kufanya hivyo wakati wa ujenzi ni ndogo kuliko ya kubomoa na kuongeza baadaye, na wakati wa kuyadai hayo ni kabla ya mkandarasi kuleta greda.